Neno la Kumsimamisha Askofu

Durban, Jumatatu, Novemba 1998.

Mvua ya manyunyu tangu alfajiri, ile ambayo huwezi kuifungulia mwavuli wala kuidharau. Viatu vimelowa, moyo umechacha.

Sina hamu ya kuandika. Naandika kwa sababu nikirudi nyumbani Sydenham na haya yote kifuani nitamgombeza mtu asiye na kosa, na mtu aliye karibu ni mke wangu.

Askofu ameuzwa.

Anayesoma ukurasa huu kwa mara ya kwanza asidhani nazungumzia kiongozi wa kanisa. (Kama yupo msomaji. Athumani, Mtanzania mwenye duka hili la simu hapa mjini, ndiye aliyenifungulia ukurasa kwenye kompyuta yake, na anaapa kwamba dunia nzima inaweza kunisoma. Namwambia dunia nzima ina kazi zake.) Askofu ni farasi. Kwa Kiingereza wanamwita Bishop, kwa sababu ana baka jeupe kichwani kama kofia ya askofu. Mimi nikamwita kwa Kiswahili, na akawa anaitika kwangu tu.

Mchezo wake ni ule ambao kwetu Lubumbashi waliuita concours complet, na hapa wanauita eventing. Farasi mmoja, mpandaji mmoja, siku tatu. Siku ya kwanza farasi anatembea kwa madaha kwenye uwanja mdogo, majaji wakimkodolea macho kama wakwe wanaomkagua bibi harusi. Siku ya pili ndiyo yenyewe. Anakimbizwa njia ndefu, anapumzishwa kidogo, anamwagiwa maji ya barafu, madaktari wanamkagua, halafu anaachiwa porini aruke magogo, mitaro na madimbwi. Siku ya tatu, kama bado ana miguu, anaruka viunzi uwanjani watu wakipiga makofi. Makofi ni ya mpandaji. Ndoo za maji ni za watu kama mimi.

Mwezi uliopita Askofu alikuwa Italia, nje kidogo ya Roma, kwenye mashindano ya dunia ya mchezo huo. Ya dunia nzima. Farasi niliyemlea mimi.

Mimi nilikuwa hapa, nachota mavi.

Nieleze vizuri, maana hasira inanitangulia.

Baba yangu alitunza farasi wa Wabelgiji wa migodini, nami nilikulia kwenye harufu hiyo. Nilifika Durban baada ya vita vile vya kwanza vya kwetu na kabla ya hivi vya sasa, nikaanza kwa kulinda magari ufukweni, mpaka nikasikia kwamba juu kule vilimani, njia ya kuelekea Pietermaritzburg, kuna watu wenye farasi wanatafuta mfanyakazi asiyeogopa mateke. Nikapanda. Nikaajiriwa siku hiyo hiyo. Bosi ni mzee mmoja mwenye uso mwekundu na moyo usiojulikana uliko. Binti yake, Miss Gillian, ndiye mpandaji. Mwenzangu kazini ni Bheki, Mzulu wa huku huku, mtu wa kanisa, mpole kupita kiasi.

Askofu aliletwa kutoka kwenye mbio za kamari, ambako alipigwa mpaka akawa anaogopa kila kitu. Aliogopa ndoo, aliogopa mwavuli, aliogopa redio ya Bheki. Zaidi ya yote aliogopa Kiingereza. Sitanii. Ukimsemesha Kiingereza alirudi nyuma mpaka makalio yagonge ukuta, maana mijeledi yote aliyokula ilikuja na maneno ya lugha hiyo. Siku moja, nikiwa nimechoka, nikamsemesha Kiswahili. Nilimwambia tu, pole, mzee, pole. Akasimamisha masikio.

Basi ndivyo tulivyoanza. Nilimwambia "pole" nikimgusa miguu, akatulia. Nilimwambia "njoo" akiwa malishoni, akaja. Na nikitaka aondoke, nilimwambia "haya!" naye akaondoka. Tulitembea vilima vile pamoja kila asubuhi, mimi mbele, yeye pembeni, kamba ikiwa imelegea kabisa. Nikifika kwenye lango nasimama, naye anasimama, pua yake begani mwangu, inapuliza joto shingoni. Kuna wageni waliotupiga picha kwa ajili ya jambo hilo.

Bheki alinicheka mwanzoni. Kwa Kizulu "hhayi" ni hapana, acha, koma. "Wewe unamwambia hapana, naye anakwenda," alisema akishika mbavu. "Mkaidi huyu, mnafanana." Tulilicheka neno hilo miezi na miezi. Kila Askofu akiondoka Bheki aliniigiza, na mimi nilimwigiza yeye, na hakuna aliyefikiria lolote zaidi ya kicheko.

Miss Gillian hakuhitaji maneno. Akiwa juu ya tandiko alizungumza kwa miguu yake na mikono yake, na sitamsingizia, msichana yule anajua kupanda. Walishinda hapa, wakashinda Johannesburg, na mwaka huu wakachaguliwa kwenda Italia.

Farasi wa Afrika Kusini haingii Ulaya hivi hivi. Kuna ugonjwa wa farasi wa huku, unaoletwa na vidudu vidogo vinavyouma jioni, na wenye farasi kule wanauogopa kama tauni. Kwa hiyo Askofu alifungiwa karantini muda mrefu, kwenye banda lenye vyandarua, na nani alifungiwa naye? Mimi. Nilikula pale, nikalala pale. Bibiche, mke wangu, alikuwa akinililia kwenye simu kwamba ameolewa na mume wa farasi. Nilimwambia avumilie, nakwenda Ulaya, nitamletea viatu vya Kiitaliano.

Nilimuuliza Bosi kuhusu safari. Akasema ataona kinachoweza kufanyika. Nilielewa baadaye kwamba kwa Kiingereza maneno hayo maana yake ni hapana.

Mimi nina karatasi ya mkimbizi. Inaniruhusu kuwa hapa, inaniruhusu kuchota mavi, hainiruhusu kuvuka mpaka na kurudi. Bheki ana paspoti. Na kuna mwingine alikuwa na paspoti, nayo nzuri, ina michoro ya mwili wake kutoka mbele na pembeni, ina kila doa na kila kovu lake. Askofu. Nilimshikia mguu daktari alipokuwa akiijaza. Farasi ana paspoti, na mtu aliyemshikia mguu hana.

Siku waliyompakia, mimi ndiye niliyemtembeza mpaka ndani ya gari. Hakuna mwingine aliyeweza. Nilimwambia "haya!" akaingia. Halafu nikashuka, na Bheki akapanda.

Habari za Italia zilitufikia banda zima siku ile ile ya porini, kwa simu. Askofu ameumia. Hakukimbia hata porini. Mashindano yao yaliishia pale pa kupumzikia, kwenye ndoo za barafu. Hatukuelezwa zaidi.

Niandike ukweli, kama ukurasa huu una faida yoyote. Niliposikia, kwa muda wa pumzi moja, nilifurahi. Nilisema moyoni: si mliniacha? Pumzi iliyofuata nikakumbuka ni mguu wa nani ulioumia, nikaenda nyuma ya ghala la majani makavu nikatapika chai yangu yote.

Hayo yalikuwa ya mwezi uliopita. Sasa ya leo.

Bheki alirudi Ijumaa, na tangu Ijumaa amekuwa akinikwepa. Mimi nikiwa upande wa juu, yeye ana kazi upande wa chini. Leo asubuhi mvua ikatubana pamoja kwenye chumba cha matandiko. Alikuwa ameshika kofia mpya, imeshonwa kichwa cha farasi kwa uzi wa dhahabu, na maneno ya Kiitaliano kuzunguka. Akanipa. Alisema ameninunulia mimi.

Sikuipokea. Akaiweka juu ya tandiko.

"Bhuti, ndugu yangu, nisikilize," alisema. "Nimemmwagia maji, nimemkausha, yuko sharp kabisa. Madaktari wamesema poa, bado dakika chache tu madam apande. Mara ile spika ikalia juu ya vichwa vyetu, waaa! Bishop akanyanyua kichwa. Nikasema hhayi! Akavuta. Nikasema hhayi, hhayi! Eish, bhuti, akazidi kuvuta. Mimi nakimbia pembeni yake, nimeng'ang'ania kamba, nalia hhayi, na yeye anaongeza mwendo kama nimemtuma. Mpaka kwenye vyuma vya uzio."

"Ulimtuma," nilimwambia.

"Nilimwambia hapana!"

"Ulimwambia haya."

Nikaona linavyomwingia taratibu. Mtu yule alikuwa ameshasahau mzaha wetu. Nilimwona akiukumbuka, na uso wake ukazeeka mbele yangu. Alisema hhayi ni hhayi, hata mbwa wa mtaani analielewa. Nikamjibu kwamba Askofu hakuwa mbwa wa mtaani. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika.

Alivumilia yote. Halafu akaniuliza jambo, bila ubaya, alitaka kujua tu.

"Sawa. Basi niambie wewe. Neno lako la kumsimamisha ni lipi? Muda wote huu tunafanya kazi pamoja, sijawahi kulisikia."

Nikafungua mdomo nimjibu.

Hakuna kilichotoka. Nilikuwa na hasira nyingi mno, nilidhani ndiyo iliyonifunga ulimi. Nilimwambia anitoke, nikatoka mimi mwenyewe mvuani, nikaiacha kofia pale pale.

Bosi akaniita kabla sijakauka. Alikuwa kwenye baraza lake, anakunywa kahawa, hakuniambia nikae. Akanieleza kwamba Askofu harudi. Kidonda kinapona, lakini mguu ule hautarudi kwenye mashindano makubwa, na kumrudisha farasi wa namna hiyo kwa ndege ni wazimu. Wamemuuza kule kule. Kuna mama mmoja Ubelgiji ana shamba, anafundisha watoto kupanda.

Ubelgiji.

Babu yangu aliwabebea reli. Baba yangu aliwasugulia farasi. Na mimi nimekimbia mpaka mwisho wa Afrika, mahali ambapo barabara inaishia majini, na bado wamenifikia, wamemchukua Askofu.

Sikusema hayo. Nilisema yes, sir.

Kumbe hakuniita kunipa habari. Aliniita kwa sababu ana shida. Yule mama amepiga simu analalamika. Farasi hasogei akiambiwa asogee, na akisogea hasimami. Amemburuza mfanyakazi mmoja uani. Watoto hawawezi kuruhusiwa kumkaribia. Mama anasema kama hali ni hiyo, hana haja naye, atamtoa. Bosi alisema neno hilo, kumtoa, akiwa anakoroga kahawa.

Mimi najua kule anatolewa kwenda wapi. Baba alinisimulia nikiwa mdogo, na sikuamini mpaka mabwana zake waliponithibitishia wakicheka. Kule nyama ya farasi inauzwa buchani.

"Wewe unaongea Kifaransa, sivyo?" Bosi akaniuliza.

Muda wote niliokaa nchi hii, Kifaransa changu hakikuwahi kunifaa kitu. Sikuajiriwa nacho, sikuheshimiwa nacho, polisi walinisukuma nacho. Leo kimepata kazi. Kesho mchana yule mama atapiga simu tena, na mimi niwe pale barazani nimweleze maneno ambayo farasi anayajua.

Akamalizia kwa kuniambia, kama mtu anayenionea huruma, kwamba ningemfundisha Kiingereza tangu mwanzo haya yote yasingetokea. Farasi wa hapa, alisema, unamfundishaje lugha ya huko mlikotoka? Mkewe alikuwa dirishani, akatikisa kichwa kukubali. Nasikia wafanyakazi wa mabanda ya jirani sasa wanamwita Askofu farasi wa makwerekwere. Hilo ndilo jina letu sisi tulioingia kutoka juu. Hata farasi amekuwa mgeni kwa ajili yangu.

Bosi hakuuliza kwa nini Kiswahili. Ningemwambia kwamba Kiingereza kilifika kwanza, na mjeledi.

Nikateremka mjini, moja kwa moja saluni anakofanya kazi Bibiche. Alikuwa anasuka kichwa cha mama mmoja wa kanisani kwetu. Nilimwambia pale mlangoni, sikuweza kungoja: wamemuuza Askofu.

"Yesu wangu!" Yule mama karibu aruke kwenye kiti, nywele zikiwa nusu. "Askofu wetu banamuuzisha kwa nani?"

Saluni nzima iliangua kicheko. Mimi sikucheka, na Bibiche akaona kwamba sicheki, akaweka kitana chini.

Nilimweleza yote, pamoja na simu ya kesho.

"Kesho bakipiga simu, weye nyamaza," alisema. "Balikuacha huku kama ndoo. Sasa banataka mpaka na maneno ya mu kinywa yako? Aa-a. Ile iko farasi yabo. Basema naye Kizulu, basema naye Kiflama ya Ubelgiji, bajue benyewe."

"Watamchinja."

"Bamuchinje! Weye ulimuchinja?" Halafu sauti ikashuka, akanishika mkono wa shati uliolowa. "Nasema hivi juu nakuonea uchungu. Kila kitu yako banabeba. Leo usibape hii."

Ana haki. Kila alichosema ni kweli, na nilipokuwa nimesimama pale nilikubaliana naye. Nilijiona kesho barazani, simu sikioni, nasema kwa Kifaransa safi cha shule ya masista: Madame, farasi huyo hajui neno lolote. Ni mjinga. Fanya utakavyo. Nilijiona nakata simu na kumrudishia Bosi kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Ilikuwa tamu. Niliifurahia picha hiyo kuanzia mlango wa saluni mpaka kwenye robot ya kona, pale tunapongojea taa ya kuvuka.

Pale kwenye taa kuna mwenye taxi, basi dogo la abiria, alikuwa anarudi nyuma, na kijana wake wa mlangoni anawapigia watu kelele: "Ima! Ima!"

Nikasimama. Siku hizi najua kusimama.

Mara yangu ya kwanza kulisikia neno hilo nilikuwa kwenye kituo cha taxi cha Isipingo, sina hata mwezi nchini. Gari linarudi nyuma, mtu ananipigia kelele ile ile. Kwa Kizulu maana yake ni simama. Mimi nilisikia "hima", ambalo mwalimu wetu wa darasa la pili alitufukuzia nalo mvua ikianza: hima, watoto, hima! Kwa hiyo nilifanya hima. Nikaongeza mwendo nikaingia nyuma ya gari vizuri kabisa, likanipiga nyonga, nikaangukia kwenye ndizi za mama mmoja. Kadiri walivyozidi kupiga kelele ndivyo nilivyozidi kuharakisha. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Aliyenipigia kelele alikuja akanizaba kofi, kwa sababu alikuwa ameniambia, na tena ameniambia, na mimi sikusikia. Nyonga hiyo inaniuma mpaka leo siku za mvua. Inaniuma sasa hivi ninapoandika.

Askofu amezabwa kofi gani kule? Na mkono wa nani? Anasimama kwenye ua wa mawe, baridi ya kule ninavyoisikia, mguu umefungwa bandeji, na watu wanampigia kelele kwa Kiflama, kila mmoja ana uhakika kwamba amemwambia.

Taa ikabadilika nikabaki palepale. Watu wakanipita kwa mabega.

Siwezi kunyamaza. Nimechukia kwamba siwezi. Nilitaka angalau kitu kimoja cha kuwanyima watu hawa, na kitu chenyewe ni hiki ambacho nikikinyima anayelipa ni yeye. Bibiche atanuna. Bosi atanisifu, na hilo ni baya zaidi.

Kwa hiyo, kutoka kona ile mpaka hapa kwa Athumani, nilikuwa najiandaa. Nilipanga maneno kichwani ili kesho nisibabaike. Haya: kwenda. Utamke kwa chini, usimpigie kelele. Pole: kutulia, ukimgusa miguu. Njoo: kuja, akiwa mbali. Na la kusimama...

Nikajaribu tena. La kusimama.

Nikafikiri nimelisahau. Nikajitembeza kichwani kwenye kile kilima, asubuhi, kamba imelegea, kwato zake pembeni yangu. Tunafika kwenye lango. Namwambia nini? Nikajisikiliza. Nikarudia tena, tunashuka, tunafika mtoni, kuna gari linapita, namwambia nini?

Simwambii kitu.

Sikuwahi kumfundisha neno hilo. Halipo. Nilipotaka asimame, nilisimama, naye akasimama. Miezi yote ile, wageni wanatupiga picha, Bosi anajisifia farasi wake, na hakuna aliyeona kwamba hakuna neno. Hata mimi sikuona mpaka leo, njiani, mbele ya duka la nyama ya kuku, ingawa asubuhi Bheki aliniuliza na nikamtukana badala ya kumjibu.

Na Bheki alikuwa anakimbia pembeni yake. Kwa mdomo wake alikuwa anasema haya, na kwa miguu yake pia alikuwa anasema haya. Angenyamaza tu na kusimama palepale, kamba mkononi, na Askofu angesimama, spika ilie inavyotaka. Nina uhakika na hilo kuliko nilivyo na uhakika na jina langu. Lakini nani angemwambia? Aliyejua alikuwa na karatasi isiyovuka mpaka, na yeye mwenyewe alikuwa hajui kwamba anajua.

Nimemwonea Bheki leo. Kesho nitaichukua ile kofia. Sitaivaa, ila nitaichukua.

Halafu simu italia. Najua itakavyokuwa. Yule mama atakuwa na kalamu, nitamsikia akiandika. Atanifanya nirudie "njoo" mpaka akome kuitamka kama jina la mbwa. Nitamwambia asimwonyeshe mwavuli. Atasema bien, bien. Halafu atauliza lile alilopigia simu: na kumsimamisha, tunasema nini?

Nitamwambia hakuna neno, Madame. Simama wewe.

Atauliza tena, polepole zaidi, kama watu wanavyokuuliza wakidhani huelewi lugha. Nitamjibu vile vile. Nitamwambia mtu anayetembea naye awe mtu anayeweza kusimama, atulie kabisa, mpaka pua ifike begani. Atasema merci, monsieur, atakata simu, na atamwambia yeyote aliye karibu kwamba yule Mwafrika amewaficha neno.

Na Bosi, akisoma uso wangu, atafikiri hivyo hivyo.

Nimewaza kutunga neno ili waniamini. Stop, halt, lolote, wapate cha kuandika. Lakini watalisema huku wanakimbia.

Athumani anahesabu funguo zake, anataka kufunga. Ameniuliza leo nimeandika habari gani ndefu hivi. Nimemwambia habari za Askofu, akasema ndiyo, ni vizuri kumkumbuka Mungu.

Mvua haijakoma. Kesho asubuhi, kabla ya simu, njia yangu itapita mbele ya banda lake, na bado hawajamweka farasi mwingine. Najijua. Nikifika mlangoni nitasimama.

Sijui nani ataniambia "haya!"